Kuiona Istanbul kwa Miguu Kati ya Ndege Mbili: Mwongozo Kamili

Abiria wengi wanaotoka Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe kwenda Ulaya na Marekani hupitia Istanbul, na si wachache wanaopewa tiketi yenye saa kumi, kumi na mbili, hata kumi na tano za kusubiri ndege ya pili. Wengi huamua kutoka kwenda mjini, jambo ambalo ni zuri, lakini hurudi wakiwa wameona foleni na vituo vya treni tu, au wakikimbilia lango linalokaribia kufungwa.

Wanaoshindwa hushindwa kwa sababu mbili. Kwanza, huhesabu saa zote za kusubiri kana kwamba ni saa za kutembea mjini. Pili, hukimbilia Sultanahmet, mtaa wa mji wa kale wenye vivutio maarufu zaidi, wakazunguka huko bila mpango, na muda unapokwisha hujikuta mbali na treni ya kuwarudisha. Mwongozo huu unatibu yote mawili kwa njia moja ya takriban kilomita 5, inayoanzia kituo cha metro cha Vezneciler na kuishia kituo cha Şişhane. Vituo hivyo viko kwenye laini moja, M2, kwa hiyo kila hatua unayopiga inakusogeza kuelekea nyumbani badala ya kukupeleka mbali zaidi.

Vitu vya kuandaa

Vitu hivi viwe ndani ya begi la mkononi, kwa sababu begi kubwa hutaliona tena hadi mwisho wa safari.

- Pasipoti yenyewe, pamoja na viza au uthibitisho wa haki ya kuingia Uturuki, na picha ya hati hizo kwenye simu.
- Pasi za kupandia ndege zote mbili, hasa ile ya ndege ya pili.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya kugusa. Milango ya metro ya Istanbul hupokea kadi za Visa na Mastercard. Vinginevyo utanunua kadi ya usafiri iitwayo Istanbulkart kwenye mashine za kituoni, na kadi moja huweza kutumiwa na watu kadhaa.
- Viatu ulivyokwisha kuvizoea. Njia ina mawe, miteremko na ngazi, na kiatu kipya kitakuumiza kabla hujafika nusu.
- Soksi safi, kwa kuwa misikitini utavua viatu.
- Kanga au mtandio kwa mwanamke. Kanga moja hufunika kichwa, na ya pili hufungwa kiunoni ikiwa nguo ni fupi. Mwanamume avae suruali ndefu.
- Koti, ikiwa unasafiri kati ya Novemba na Machi. Baridi ya Istanbul huja na upepo wa baharini na mvua, na mara nyingine theluji.
- Ramani ya jiji uliyoipakua kwenye simu mapema, pamoja na pawabenki iliyojaa chaji. Intaneti ya bure uwanjani ina kikomo cha muda, na ukishatoka nje haikufuati.

Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa kutoka

Soma tiketi yako na utazame alama ya uwanja. Mwongozo huu ni wa uwanja wenye alama IST, uliopo upande wa Ulaya wa jiji. Ikiwa tiketi inaonyesha SAW, hapo ni Sabiha Gökçen, upande wa Asia, na njia ya treni ni tofauti kabisa.

Kisha shughulikia viza. Masharti hutegemea pasipoti uliyo nayo, na kwa nchi nyingi za Afrika viza ya mtandaoni ya Uturuki hutolewa tu kwa mtu mwenye viza au kibali cha ukazi kilicho hai cha nchi za Schengen, Marekani, Uingereza au Ireland. Tumia tovuti rasmi ya serikali, evisa.gov.tr, kwa sababu kuna tovuti nyingi za madalali zinazofanana nayo na kutoza zaidi. Fanya hivyo ukiwa nyumbani. Kusimama mbele ya dirisha la uhamiaji ukitumaini kuhurumiwa ni kupoteza muda.

Tazama pia kama viza hiyo ni ya kuingia mara moja. Ukiitumia wakati wa kwenda, haitakufaa wakati wa kurudi utakapopita Istanbul tena. Ikiwa safari ya kurudi ndiyo yenye saa nyingi zaidi za kusubiri, ihifadhi kwa wakati huo.

Umefaulu ikiwa unaweza kujibu bila kusita: naingia kwa hati gani, na inanipa siku ngapi. Ikiwa huna jibu, baki ndani ya uwanja.

Hatua ya 2: Hesabu muda ukianzia mwisho

Hii ndiyo hatua inayoamua yote, nami ninakusihi uifanye kwa kalamu na karatasi. Chukua saa ya ndege ya pili kuondoka, kisha urudi nyuma.

Toa saa 3: huo ndio wakati wa kuwa umeshaingia tena ndani ya jengo la uwanja. Toa dakika 90 nyingine za kurudi kwa treni kutoka Şişhane. Saa unayoipata ni *saa ya kugeuka*, na haijadiliwi hata kama uko mbele ya kitu kizuri namna gani.

Sasa anza upande wa pili. Kuanzia ndege kutua, weka dakika 90 za kushuka, kupita uhamiaji na kufika kituo cha metro, na dakika 75 za kufika Vezneciler. Jumla ya muda usio wako ni saa 7 na dakika 15. Anayesubiri saa 8 basi ana dakika 45 tu za mjini, na ndiyo maana sishauri mtu yeyote atoke ikiwa muda wake wote haufiki saa 10.

Tuseme unatua saa 12:00 asubuhi na kuondoka saa 12:00 jioni. Utaanza kutembea saa 2:45 asubuhi, na saa yako ya kugeuka ni saa 7:30 mchana. Una saa 4 na dakika 45, ambazo zinatosha njia nzima bila kukimbia.

Kuna mtego katika hesabu hii ambao huwakumba zaidi wasemaji wa Kiswahili. Uturuki hutumia majira yale yale ya Afrika Mashariki mwaka mzima, kwa hiyo saa ya mkononi haibadilishwi kwa anayetoka Dar es Salaam au Nairobi. Lakini tiketi na vibao vya uwanjani huandika 18:00 au 13:30, ilhali kichwani mwako umeshaweka saa kumi na mbili na saa saba na nusu. Uchovu wa usiku bila usingizi huchanganya mifumo hii miwili kwa urahisi sana. Andika saa ya kugeuka kama simu inavyoionyesha, 13:30, na uitegeshee kengele mbili: ya kwanza nusu saa kabla, ya pili wakati wenyewe.

Jambo moja zaidi kuhusu mwanga: mwishoni mwa Desemba jua la Istanbul huchomoza karibu saa 2:30 asubuhi. Msafiri anayetua alfajiri ya majira hayo hana haja ya kukimbia kutoka. Bora anywe chai ndani ya uwanja kwa saa moja kuliko kupapasa gizani kwenye vichochoro.

Hatua ya 3: Toka ukiwa mwepesi

Kwenye kaunta ya kwanza kabisa, ulikoanzia safari, soma karatasi iliyobandikwa kwenye begi kubwa. Ikiwa ina alama ya mji wa mwisho, mzigo utakwenda wenyewe. Ikiwa imeandikwa IST, au kama una tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, itabidi uuchukue Istanbul na kuukabidhi upya, jambo linalokula muda mwingi.

Ukishuka, usifuate umati unaoelekea ndege za kuunganisha. Fuata alama za Pasaport Kontrol na kutokea nje. Begi la mkononi likiwa zito, liache kwenye ofisi ya kutunza mizigo katika ukumbi wa wanaowasili, iliyoandikwa Emanet Bagaj, na uweke stakabadhi pamoja na pasipoti. Begi la magurudumu kwenye mawe ya mji wa kale ni adhabu, nami sijaona sababu ya mtu kujitwisha.

Usibadilishe fedha nyingi uwanjani, kwani viwango vyake huwa si vizuri. Kiasi kidogo cha lira kwa ajili ya choo, maji na mkate kinatosha. Mahali pengi hupokea kadi.

Abiria wa Turkish Airlines mwenye saa 6 hadi 24 za kusubiri anaweza kuulizia matembezi ya bure yaitwayo Touristanbul, yanayotolewa na shirika hilo kwa makundi na kwa saa maalumu. Ni njia nzuri kwa anayesafiri na wazazi wazee au asiyetaka kushughulika na treni, ingawa viza inahitajika vilevile.

Hatua ya 4: Treni mbili hadi Vezneciler

Fuata alama ya metro hadi kituo cha M11. Panda treni inayoelekea Gayrettepe, si ile inayoelekea Arnavutköy. Treni za laini hii haziji kwa mfululizo kama za katikati ya jiji, kwa hiyo kusubiri robo saa au zaidi si dalili ya hitilafu. Safari yenyewe ni takriban nusu saa.

Gayrettepe ndipo mwisho wa laini. Hapo fuata alama ya M2 kupitia njia ndefu ya chini ya ardhi, kisha panda treni inayoelekea Yenikapı. Utapita Taksim, Şişhane na kituo cha Haliç, ambacho kiko juu ya daraja, na ghafla utaona maji pande zote mbili. Kituo kinachofuata ni Vezneciler. Shuka.

Kwa nini usishuke Taksim, ambako wengi hushuka? Kwa sababu kutoka Vezneciler sehemu kubwa ya njia huteremka, na mlima pekee wa kuupanda huja mwisho kabisa, ambako pia kuna treni ya kukusaidia kuupanda.

Teksi siishauri. Uwanja uko zaidi ya kilomita 30 kutoka mji wa kale, na foleni za barabarani zinaweza kuharibu hesabu yote ya hatua ya 2.

Hatua ya 5: Süleymaniye na chakula

Ukitoka kituoni, tembea kama dakika kumi kuelekea kaskazini hadi msikiti wa Süleymaniye, ulioko juu ya kilima. Watalii huwa wachache hapa kuliko Sultanahmet, na hakuna kiingilio. Zunguka hadi ua wa nyuma, ulio wazi kuelekea maji ya Haliç, ghuba nyembamba inayoingia ndani ya jiji. Ng'ambo utaona mnara mnene wa mviringo wenye paa lililochongoka. Huo ni Mnara wa Galata, na njia yako inaishia karibu nao. Utazame vizuri, kwa maana tangu hapo unajua mwelekeo hata simu ikizima.

Mbele ya msikiti kuna safu ya migahawa inayojulikana kwa kuru fasulye, maharage meupe yaliyochemshwa polepole katika rojo la nyanya na siagi, yanayoletwa pamoja na wali na pilipili za achari. Kwa mtu aliyekula chakula cha ndegeni usiku kucha, sahani ya wali maharage yenye moto ni rehema. Ukifika mapema mno na vyungu havijaiva, nunua simit, mkate wa duara uliojaa ufuta, pamoja na chai ya rangi katika kigilasi kidogo.

Tumia vyoo vya msikitini kabla ya kuendelea. Bay ni wanaume, Bayan ni wanawake; pengine utakuta Erkek na Kadın.

Hatua ya 6: Kupita Soko Kuu bila kupotea

Kutoka Süleymaniye, tembea ukiwa na uzio wa Chuo Kikuu cha Istanbul kando yako hadi uwanja wa Beyazıt, wenye lango kubwa la chuo hicho. Karibu na hapo ndipo ulipo mlango wa Soko Kuu upande wa Beyazıt.

Soko hili lina maelfu ya maduka katika mitaa iliyoezekwa, na humo ndimo wasafiri wengi hupoteza saa nzima bila kutaka. Dawa yake ni moja: ingia kwa mlango wa Beyazıt na ufuate mtaa mkuu, Kalpakçılar, wenye maduka ya dhahabu, bila kukata kona, hadi mlango wa Nuruosmaniye upande wa pili. Ukitamani kuchungulia mtaa wa pembeni, ingia na urudi kwa njia ile ile hadi Kalpakçılar.

Jumapili soko hufungwa. Siku hiyo fuata barabara ya tramu moja kwa moja hadi Sultanahmet. Hutakuwa umekosa kitu kikubwa.

Ukinunua, kumbuka kwamba begi lako kubwa limeshatangulia. Mafuta ya zeituni, asali, na manukato ya chupa kubwa havitapita kwenye ukaguzi wa begi la mkononi, ambako kimiminika hakipaswi kuzidi mililita 100 kwa kila chombo. Nimesikitika kuona watu wakiacha zawadi za mama zao kwenye pipa la taka la ukaguzi. Nunua tini kavu, viungo vikavu au lokum, ile halua laini iliyonyunyiziwa sukari.

Hatua ya 7: Sultanahmet, ndani ya jengo moja tu

Kutoka mlango wa Nuruosmaniye, teremka hadi nguzo ya kale ya Çemberlitaş, kisha geuka kushoto ukiifuata barabara ya Divanyolu yenye reli za tramu ya T1. Reli hizo ni kamba yako ya kushikilia kuanzia hapa hadi ng'ambo ya daraja: ukipotea, zitafute, zifuate kuelekea chini.

Utatokea kwenye uwanja wenye Msikiti wa Sultan Ahmed upande mmoja na Ayasofya (Hagia Sophia), msikiti uliokuwa kanisa zamani, upande wa pili. Chagua kuingia jengo moja. Mimi ningechagua Msikiti wa Sultan Ahmed kwa anayepita, kwa sababu hauna kiingilio na foleni yake husogea. Wageni hawaruhusiwi kuingia wakati wa swala, na siku ya Ijumaa hubidi wangoje hadi Jumaa imalizike. Tangu Januari 2024 watalii wa kigeni hulipa kuingia Ayasofya na huelekezwa kwenye roshani ya juu, ilhali Mwislamu anayekwenda kuswali huingia sehemu ya chini bila malipo kupitia mlango wa waumini.

Jumba la Topkapı, makao ya zamani ya masultani, liache. Linahitaji nusu siku, na kulipitia kwa dakika arobaini ni kulionea.

Jihadhari na watu wawili hapa. Wa kwanza ni mwenyeji mchangamfu anayekusalimu kwa Kiingereza safi, akakuonyesha njia, kisha njia ikaishia kwenye duka la mazulia. Wa pili ni mpiga viatu rangi anayepita mbele yako na kuangusha brashi. Ukimwokotea, atashukuru kwa kuanza kukusugua viatu, halafu atadai malipo makubwa. Mwite kwa sauti kumjulisha, usiiguse brashi, na uendelee na safari.

Hatua ya 8: Kushuka hadi majini, na kufanya uamuzi

Zifuate reli kuteremka kando ya bustani ya Gülhane hadi Sirkeci, kisha Eminönü. Ni mwendo wa takriban dakika ishirini. Ukifika Sirkeci, tazama saa na ulinganishe na saa ya kugeuka.

Ikiwa imebaki chini ya dakika 45, katisha. Ingia kituo cha Sirkeci, panda treni iitwayo Marmaray kituo kimoja tu hadi Yenikapı, na hapo uchukue M2 kuelekea Hacıosman hadi Gayrettepe. Hii ndiyo njia ya kujiokoa, na mwenye saa 10 tu za kusubiri aipange hivyo tangu mwanzo.

Ikiwa muda upo, endelea hadi Eminönü. Soko la Viungo liko nyuma ya Msikiti Mpya, na kando ya maji huuzwa mkate wenye samaki wa kuchoma, kitunguu na ndimu.

Hatua ya 9: Daraja la Galata na mlima wa mwisho

Vuka daraja kwa njia ya juu, ambako wavuvi husimama bega kwa bega na ndoano zao. Jihadhari wanaporusha mishipi nyuma. Chini ya daraja kuna migahawa ambayo vijana wake watakuita kwa bidii. Uliza bei iliyoandikwa kabla ya kukaa, au usikae.

Ng'ambo ni Karaköy. Miguu ikiwa na nguvu, panda ngazi na vichochoro hadi Mnara wa Galata, utazame kutoka chini, kisha uendelee hadi Şişhane. Miguu ikiwa imechoka, tafuta Tünel, treni fupi ya chini ya ardhi inayopanda mlima huu tangu 1875. Itakufikisha juu kwa muda mfupi, hatua chache kutoka kituo cha Şişhane.

Umefaulu ikiwa umesimama Şişhane kabla ya kengele ya pili kulia.

Hatua ya 10: Kurudi

Panda M2 kuelekea Hacıosman, shuka Gayrettepe, chukua M11, na ushuke kituo kiitwacho İstanbul Havalimanı. Kituo kinachofuata ni cha jengo la mizigo, kwa hiyo usisinzie.

Zile saa 3 sasa zitakuonyesha maana yake. Uturuki hukagua mizigo mlangoni kabla hujaingia jengo la uwanja, kisha kuna uhamiaji, kisha ukaguzi mwingine. Kama uliacha begi Emanet, lichukue kabla ya kupanda kwenye ukumbi wa wanaoondoka. Baada ya hapo tazama kibao: namba ya lango haitolewi mapema sana, huweza kubadilika, na malango mengine yako mwendo wa robo saa au zaidi kutoka katikati ya jengo. Jaza chupa ya maji, badilisha soksi, na uketi karibu na lango lenyewe, si kwenye maduka.